UZI: Nataka kupima kani ndogo kwa mwanga na plastiki angavu, lakini naona giza tupu. Nakosea wapi?

#1 mpimatone

Wakuu, habari zenu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo imebidi nifungue uzi.

Nataka kupima kani ambayo maji huvuta waya. Unalaza waya mwembamba wa sentimita 3 juu ya maji, unauinua taratibu, maji yanaung'ang'ania, halafu ghafla yanauachia. Mvutano wa uso wa maji ya digrii 20 ni nyutoni 0.0728 kwa mita, na waya unashikwa pande mbili, kwa hiyo 0.0728 mara 0.06 inatoa milinyutoni 4.4 hivi. Ni uzito usiofika nusu gramu.

Najua mizani ndogo ya betri ingeimaliza kazi hii kwa dakika moja. Sitaki. Niliwahi kuona plastiki iliyobanwa kati ya filamu mbili za polaraiza (zinazopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu) ikitoa mikanda ya rangi, na tangu siku hiyo akili haijatulia.

Nilichofanya: nimekata kijiti cha akriliki, unene milimita 3, kimo milimita 5, urefu sentimita 10. Upande mmoja nimeubana, wa pili unaelea hewani na ndiko ninakotundika waya. Nyuma yake nimeweka skrini bapa ya kompyuta ikiwa nyeupe tupu, maana mwanga wake unatoka ukiwa umeshapolaraiziwa. Mbele nimeweka filamu ya polaraiza niliyoizungusha mpaka skrini ikawa nyeusi.

Nikitundika waya, giza. Nikivuta kwa kidole, giza. Nikagundisha vijiti viwili ili unene uwe milimita 6, giza lilelile. Sasa nawaza kwenda unene wa sentimita 2. Ushauri tafadhali.

#2 Nondo Nene

Ongeza unene mkuu, usiogope. Mwanga ukisafiri njia ndefu zaidi ndani ya kitu kilichokazwa, rangi zinaongezeka. Hilo liko wazi.

#3 Mama Kisahani

mpimatone, pole na hongera kwa mpigo. Kabla ya unene nijibu swali moja: polaraiza yako imeelekea wapi ukiilinganisha na kijiti? Skrini nyingi hutoa mwanga uliopolaraiziwa wima au mlalo. Ikiwa ya kwako ni hivyo, hutaona kitu hata ukitundika tofali. Mkazo, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo linaloibeba, katika kijiti kinachopinda unafuata urefu wake. Mwanga ukiingia sambamba na mkazo huo, au ukiukata kwa digrii 90, unapita kama ulivyokuja. Lazima uingie kwa digrii 45. Hapo unagawanyika mafungu mawili sawa, moja linakwenda kwa kasi kuliko jingine, na yanapofika kwenye filamu ya pili yameshaachana hatua kidogo. Kule kuachana ndiko tunakokupima. Nitakuita uchelewaji.

Halafu nyenzo. Kila kitu angavu kina namba yake, tuiite f: ni mkazo mara unene unaohitajika ili uchelewaji ufikie wimbi zima, yaani mkanda mmoja. Kioo cha kawaida kinadai kama nyutoni 200,000 kwa mita. Akriliki inazidi 100,000. Epoksi ni kama 11,000 na polikaboneti kama 7,000. Mpira laini wa poliyurethani ni mia mbili hivi, na jelatini ni mia moja au pungufu, kutegemea ulivyoikoroga. Umechagua plastiki bubu, ndugu yangu. Akriliki inabanwa na kukunjwa na haisemi neno.

Na unene, sahau. Kwa kijiti kilichobanwa upande mmoja, idadi ya mikanda ukingoni ni

N = 6PL / (h² f)

P ni kani, L ni umbali kutoka kani hadi pale unapotazama, h ni kimo. Tafuta unene humo ndani. Haumo.

Weka namba zako. Akriliki ya f 130,000, kimo milimita 5, kani milinyutoni 4.4: unapata mkanda 0.0008. Jicho halina habari na kitu hicho. Polikaboneti ya kimo milimita 2, urefu uleule: mkanda 0.094. Umepanda zaidi ya mara 110 bila kununua unene wowote. Angalia h imepigwa kipeo cha pili. Huko ndiko kuliko na faida.

#4 Nondo Nene

Mama, kwa heshima zote, hapo sikubaliani. Njia ya mwanga ikiwa ndefu mara mbili, uchelewaji nao mara mbili. Hii hata haihitaji kalamu.

#5 Mama Kisahani

Ingekuwa hivyo kama mkazo ungebaki uleule. Haubaki. Mzigo mmoja wakiubeba watu wawili, kila mmoja anabeba nusu. Mwanga unampitia wa kwanza, unampitia wa pili, unajumlisha walichobeba: nusu na nusu. Umerudi kwenye mzigo mmoja. Walete watu kumi, jumla ni ileile.

Ni hivyohivyo kwa kisahani kinachobanwa juu na chini. Katikati yake N = 8P / (π D f), D ikiwa kipenyo. Kisahani cha polikaboneti cha milimita 10 kinataka nyutoni 27 na nusu kwa mkanda mmoja, kiwe chembamba kama kucha au kinene kama kitabu. Cha mpira wa poliyurethani wa f 175 kinatosheka na nyutoni 0.69. Na kisahani kidogo kinahisi zaidi kuliko kikubwa, jambo ambalo lilinichukua muda kulimeza nilipoanza kazi hizi.

Unene unaleta faida pale unapopewa mkazo wenyewe badala ya kani. Mfano ni kioo cha usalama cha gari: kilipozwa ghafla kiwandani, mkazo ukabaki umefungwa ndani. Ndiyo maana ukivaa miwani ya jua ya polaraiza unayaona yale madoadoa kwenye kioo cha nyuma. Pale kioo kinene kinaonyesha zaidi kweli. mpimatone yeye anapewa kani.

#6 Nondo Nene

Nimekaa. Nafuta kauli #2.

#7 Sisimizi

Naingilia kidogo, maana mmeitaja jelatini mkaipita mbio.

Jelatini ndiyo ilikuwepo tangu mwanzo. David Brewster, aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 1815 na 1816, alibana jelatini pamoja na kioo na kuona mwanga unavyobadilika. Mwaka 1850 James Clerk Maxwell, kijana wa miaka 18, alimwaga jelatini ya samaki kati ya mitungi miwili, mmoja ndani ya mwingine, akauzungusha wa ndani na kulinganisha rangi na hesabu zake za vitu nyumbufu. Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na uvumilivu.

Mimi mambo yangu ni wadudu. Mwaka 1980 ilichapishwa kazi ya kupima kani za miguu ya nyenje wakitembea juu ya jelatini kati ya polaraiza mbili. Mwaka 1995 Robert Full na wenzake wakafanya hivyo kwa mende aliyelala chali akijipindua: mguu mmoja ukisukuma, jelatini inawaka chini yake, na ung'avu unageuzwa kuwa kani. Mende ana gramu chache tu! Kuna pia mizizi ya dengu iliyoachwa ikue katikati ya visahani viwili vya nyenzo hizi, unaona mzizi ukinenepa na kusukuma siku baada ya siku. Na wale wa mchanga na nafaka, kama Robert Behringer wa Chuo Kikuu cha Duke, walijaza visahani hivyo kwenye fremu na kuona kani haisambai sawasawa. Inapita kwa minyororo, kisahani kimoja kinang'aa na jirani yake amelala gizani.

Ubaya wa jelatini ni kwamba inakauka unaitazama. Kipimo cha asubuhi si cha jioni.

#8 mpimatone

Nimerudi. Kwanza aibu: skrini yangu ni ya wima. Kwa hiyo siku zote nilikuwa natazama giza halali kabisa. Nimeongeza filamu nyingine kati ya skrini na kijiti kwa digrii 45, na ya mbele nimeikatisha nayo. Mwanga umepungua nusu lakini sasa nikivuta kwa kidole naona.

Nimepata polikaboneti ya milimita 3, nimekata kijiti cha kimo milimita 2. Tatizo jipya: rangi zipo kabla sijatundika chochote! Kingo zote mbili zina njano na wekundu, katikati kuna mawimbimawimbi. Nikitundika waya na kugusisha maji, sioni tofauti yoyote. Mkanda 0.094 uko wapi?

#9 Mama Kisahani

Msumeno ndio umeandika hizo rangi. Ulipokata, ukingo ulipata moto, ukataka kutanuka, plastiki baridi ya pembeni ikaukatalia, na ulipopoa ugomvi ukabaki ndani. Kata upya polepole kwa meno makali, acha kimo kizidi kidogo, kisha sugua hadi kipimo kwa msasa laini ndani ya maji. Ukiwa na oveni unayoweza kuiamini, ianike plastiki kwanza ikauke vizuri, ipandishe hadi digrii 120 au 125, ikae, halafu ishuke taratibu mno. Ukiharakisha kuipoza umejitengenezea upya mkazo uleule uliotaka kuuondoa. Na usiipandishe juu sana, karibu na 147 inaanza kulegea.

Kijiti kizuri bila mzigo ni giza toka mwanzo hadi mwisho. Kikiwa na mzigo kuna mstari mweusi ulionyooka katikati, ndipo pasipo na mkazo, juu panavutwa na chini panabanwa.

Kitu kingine: plastiki inatambaa. Ukitundika mzigo leo, usomaji unaendelea kusogea polepole hata kani isipobadilika. Chagua muda, tuseme sekunde 20 baada ya kutundika, na usome hapo kila mara. Mzigo wa kusawazishia (ule unaoujua uzito wake) na mzigo wa kupima vyote vifuate saa ileile.

Kuhusu 0.094, hilo namwachia waya_mwekundu. Najua yuko anasoma.

#10 waya_mwekundu

Nipo mama, nilikuwa nasubiri mmalize mambo ya msumeno.

mpimatone, unategea rangi. Rangi ni za watu wenye mikanda mitatu, minne. Wewe una sehemu ya kumi ya mkanda mmoja, na hapo giza linakudanganya. Kati ya polaraiza mbili zilizokatishana, mwanga unaopita ni sin² ya nusu ya uchelewaji. Chora mchoro huo uutazame karibu na sifuri: ni sakafu ya bakuli. Ukisogea kidogo kulia au kushoto hupandi, na huwezi hata kujua umesogea upande gani.

Chukua uchelewaji wa radiani 0.01. Gizani unapata sehemu 25 kwa milioni ya mwanga wako. Filamu ya kawaida inavujisha zaidi ya hapo ikiwa haina kazi yoyote. Umekwisha.

Dawa yake ni kuondoka sakafuni na kwenda kusimama ukutani mwa bakuli. Weka bamba la robo-wimbi kati ya filamu mbili, mhimili wake sambamba na kijiti. Linaongeza uchelewaji wa robo wimbi ambao upo siku zote, na sasa mwanga unaopita ni nusu ya (1 + sin δ), δ ikiwa uchelewaji wa kijiti. Radiani ileile 0.01 inabadilisha mwanga kwa sehemu 5,000 kwa milioni, yaani nusu ya asilimia moja ya mwanga wote. Mara 200 ya kule gizani, kwa kijikaratasi kimoja cha plastiki. Na kani ikigeuka kutoka kuvuta kwenda kusukuma, mwanga unapungua badala ya kuongezeka, hivyo mwelekeo unaujua.

Sasa acha skrini. Tumia leza ndogo na lenzi, doa liwe kama milimita 0.3, lipite karibu na ukingo wa juu, jirani na pale ulipobana. Usilibandike ukingoni kabisa, litakatika. Ukiwa milimita 0.4 kutoka ukingoni unabaki na asilimia 60 ya mkazo wa ukingo, inatosha. Badala ya filamu ya mwisho weka mchemraba wa kugawa polaraizi, unaopeleka kila mwelekeo wa mwanga tawi lake, kila tawi na fotodayodi yake (kihisi kinachogeuza mwanga kuwa umeme). Toa moja kwa nyingine, gawanya kwa jumla yao. Leza ikiyumba, zote mbili zinayumba pamoja na zinafutana. Bila hilo utakuwa unapima hasira za betri.

Asiye na fotodayodi atumie bamba la wimbi zima badala ya robo. Bila mzigo unaona zambarau-nyekundu. Mkazo ukiongezeka upande mmoja inaelekea buluu, upande mwingine inaelekea njano. Jicho la binadamu ni bora ajabu hapo kwenye zambarau, kuliko kwenye kijivu. Selofani iliyokunjwa tabaka kadhaa inaweza kukusogeza karibu, maana ilinyooshwa kiwandani na ina uchelewaji wake wa kudumu.

Tahadhari moja kwa wanaotaka kutumia kichujio cha kamera cha mviringo: ndani yake ni polaraiza ya kawaida mbele na robo-wimbi nyuma. Ukikishika kinyume kina tabia nyingine kabisa. Nimepoteza Jumapili nzima kwa hilo.

#11 Sisimizi

Swali la pembeni. Mwisho wa kidogo ni wapi? Naweza kwenda chini ya mende?

#12 Mama Kisahani

Unaweza. Njia moja ni kuacha kusimama ukutani na badala yake kutikisa bakuli lenyewe. James Kemp mwaka 1969 alieleza moduleta, yaani kifaa cha kuutikisa uchelewaji, ya kioo cha silika kinachotikiswa kwa sauti isiyosikika, makumi ya maelfu ya mitikisiko kwa sekunde. Mkazo unapanda na kushuka ndani yake, uchelewaji nao, na wewe unasikiliza mtikisiko huo tu ukiacha kelele nyingine zote nje. Hapo watu wanasoma uchelewaji ulio chini ya sehemu ya mia ya nanomita.

Njia nyingine inanifurahisha zaidi: weka fuwele inayobanwa ndani ya leza yenyewe, na fuwele hiyo ndiyo iwe chanzo cha mwanga. Ukiibana, leza inatoa masafa mawili yanayotofautiana kidogo, moja kwa kila mwelekeo wa polaraizi. Yakipigana kwenye fotodayodi unapata mapigo, na mapigo unayahesabu. Chukua nyenzo dhaifu tu ya brewster 1 (kipimo cha jinsi nyenzo inavyogeuza mkazo kuwa uchelewaji), leza ya nanomita 1064: inatoka takriban hezi 156 kwa kila paskali moja ya mkazo. Paskali moja! Hakuna kinachohesabika vizuri duniani kuliko masafa, kwa hiyo kani imegeuka kuwa kuhesabu. Usijaribu wiki hii, mpimatone.

#13 mpimatone

Sijaribu mama, hapa nilipo panatosha.

Kijiti kipya kimetoka giza safi baada ya oveni. Nimefunga leza, robo-wimbi, mchemraba na fotodayodi mbili. Mizani ya kusawazishia sikuwa nayo, nikatumia karatasi. Karatasi ya ofisi imeandikwa gramu 80 kwa mita ya mraba, basi sentimita moja ya mraba ni miligramu 8, yaani maikronyutoni 78 na nusu. Nimekata miraba, natundika mmojammoja, nasoma sekunde ya 20. Kila sentimita ya mraba inasogeza usomaji kwa karibu nusu ya asilimia, na mpaka miraba 60 mstari umenyooka kiasi kwamba nilidhani nimekosea.

Kisha maji. Usomaji wa mwisho kabla waya haujaachiwa ulilingana na miraba 53. Hiyo ni milinyutoni 4.16, ukigawa kwa 0.06 unapata 0.069. Nilitarajia 0.072, maana chumba kina digrii 25. Mara tatu nimerudia, hakizidi 53 na nusu. Ni kijiti?

#14 Nondo Nene

Safari hii niko sawa, naapa. Umeshika waya kwa vidole? Mafuta ya ngozi yanashuka kwenye maji na kupunguza mvutano. Choma waya kwenye moto wa buluu mpaka uwe mwekundu, badilisha maji, osha bakuli na usiliguse ndani.

#15 waya_mwekundu

Nondo kaokoa jahazi. Na usipumulie kijiti, mpimatone. Joto la mkono likikaribia unaona sifuri inahama. Ukipata nafasi pitisha doa la pili ukingo wa chini: mkazo wa pale ni kinyume, ukitoa usomaji mmoja kwa mwingine mzigo unakuwa mara mbili na sehemu kubwa ya joto inafutika.

#16 mpimatone

Waya umechomwa, maji mapya: miraba 55. Inatoka 0.072. Nimepiga kelele, jirani kagonga ukuta.

Halafu nikachovya ncha ya kijiti cha meno kwenye sabuni ya vyombo, nikagusa maji kando kabisa ya bakuli, mbali na waya. Usomaji ulianguka papo hapo. Nilipopima upya ukakaa kwenye miraba 21.

Doa la pili nitaliweka kesho. Sifuri kweli inahama nikisogeza kiti.

#17 Nondo Nene

Na ile akriliki uliyogundisha ikawa milimita 6, bado ipo?

#18 mpimatone

Ipo. Ndiyo inayobana kijiti.